Mfenesi wa Mama Mkwe Nilioupanda kwa Mdomo

Admin, ficha jina langu. Aibu usijisumbue kuificha, nusu ya mtaa wetu wa Mpumudde, hapa Jinja, wanayo tayari.

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa umma kwamba mimi, mwanamume wa miaka arobaini na saba, fundi mwashi, baba wa watoto watano, mwenye kitambi cha kutosha watu wawili, nimeangushwa na fenesi. Nilipanda mfenesi ukweni kwangu, Busiu, nikalikumbatia fenesi, tukateremka pamoja. Fenesi lilipona.

Chekeni mmalize. Habari hiyo ni ya uongo na mtungaji ni mimi mwenyewe. Nilianguka kazini, kwenye jengo la ghorofa tatu huko Mbale, na siku hizi simu yangu ikilia, kwanza nachungulia ni nani.

Siku ile msimamizi wetu, ambaye wote tunamwita Afande kwa sababu hajui kuongea bila kufoka, alinipakia nyuma ya pikapu ya saruji. Njiani akanisemesha kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake: "Mzee wangu, ukisema ni saiti, wataifunga, wenzako wote watakosa kazi. Sema umeanguka nyumbani. Bosi atakutunza mpaka upone."

Mguu wangu saa hiyo ulikuwa umeelekea upande wake, mimi upande wangu. Nikasema sawa. Tulipofika kliniki, muuguzi akauliza nilianguka wapi. Nyumbani kwangu ni Jinja, mbali mno. Pa karibu nilipopakumbuka ni kwa wazazi wa mke wangu, Busiu. Akauliza, kutoka nini? Nikasema mfenesi. Afande akayaandika hayo haraka kwenye karatasi yake, nami nikatia dole gumba. Kuandika najua, jamani, ila mkono wa kuandikia ulikuwa umeushikilia mguu.

Bosi alilipa plasta ya kufungia mguu na gari la kunirudisha Jinja. Tangu hapo kimya.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Watu walipofika kunijulia hali, badala ya kunyamaza kama mgonjwa mwenye adabu, nikaanza kuwapakulia hadithi ya fenesi. Kila siku naliongezea uzito. Imamu mwenyewe alishika mbavu. Sasa mtaa mzima ni mashahidi wangu, na wote wanashuhudia uongo.

Wiki iliyopita daktari aliniambia mfupa wa nyonga umeunga vibaya. Usipofunguliwa na kupangwa upya, sitapanda ukuta tena, na hata kusujudu nitasujudu kwenye kiti. Nilicheka mbele yake. Nilipofika nyumbani nikajifungia chooni nikalia.

Mke wangu hakulia. Alienda kwa ofisa wa kazi. Ofisa huyo akamwambia kwamba hata kibarua asiye na barua yoyote ana haki ya kutibiwa na kufidiwa akiumia kazini, lakini aripoti mapema, siku zinakwenda. "Nani alimwona akianguka?" akauliza. Wenzangu walioniona bado wako chini ya Afande. Nikiwapigia, hawapokei.

Jana Afande akapiga yeye. "Bwana, nasikia mkeo anatembea maofisini. Karatasi yenye dole lako ninayo. Ukigeuza maneno, wewe ndiye umedanganya serikali. Na gerezani hakuna mafenesi." Akakata. Sikupata usingizi.

Na hapo ndipo mama mkwe alipoingia. Kwa mila ya kwao Bugisu, iliko Busiu, mkwe na mama mkwe wanaepukana, kwa hiyo mimi na yeye hatusalimiani hata kwa mkono. Nikifika, anapita nyuma ya nyumba. Nikila, yuko jikoni. Sasa fikirieni uvumi umfikie kwamba mkwe wake alikuwa juu ya mti uani kwake, miguu inaning'inia! Alimpigia binti yake, nami nikamsikia hadi nilipokuwa nimelala:

"Huyo mumeo alipanda juu ya kichwa changu lini? Mfenesi ule niliukata kabla hata hajaumia, tukauchoma mkaa, kisiki tu ndicho kimebaki! Nipelekeni kwa huyo ofisa. Nitakaa nimegeukia ukuta, lakini nitasema."

Kwa hiyo shahidi wangu pekee ni mwanamke ambaye sitakiwi hata kumtazama, na ili nipate haki yangu lazima kwanza athibitishe kuwa mimi ni mwongo. Anakuja Jumatatu twende kwa ofisa. Mke wangu ameshanipigia pasi kanzu. Nami naogopa, ndugu zangu. Naogopa gereza, naogopa kisu cha daktari, naogopa Afande atawafukuza wenzangu.

Lakini kuna kinachoniogopesha zaidi, sijamwambia hata mke wangu. Ukweli wenyewe ni huu.

Jukwaa letu la kupandia lilikuwa la miti ya mkaratusi, na misumari tuliing'oa kwenye jengo la zamani tukainyoosha kwa nyundo. Asubuhi ile niliuona mti mmoja umepasuka. Niliugonga, ukatoa vumbi. Nikamwambia Afande, akafoka, "Panda, saruji inakauka!" Ningeweza kukataa. Mimi ndiye mkubwa kwa umri kuliko wote pale. Ningekataa, na wengine wangekataa. Badala yake nikaupigapiga ule mti begani nikasema, "Huyu na mimi ni rika moja, tutavumiliana." Watu wakacheka. Hata Afande alicheka. Nikapanda na karai langu la saruji huku bado wanacheka, na nilipoanza kuanguka, kuna mmoja aliendelea kucheka, alidhani ni mzaha wangu mwingine.

Nishaurini, wenye kuijua sheria na wenye huruma tu. Jumatatu ofisa akiniuliza, niseme yote, hadi hapo pa kucheka? Na mtu aliyeuona mti umeoza akapanda, bado anayo haki?