Chupa Sita za Ruziba

Massoudi hakuwahi kuzoea harufu mbaya. Wengi waliofanya kazi naye katika kundi la utafiti wa maji, pale chuoni, walidhani kwamba mtu aliyeshika maji ya mitaro kwa miaka ishirini na sita lazima pua yake iwe imekufa. Haikuwa hivyo. Pua yake ilizidi kuwa kali kila mwaka, na kila mwaka aliongeza matone ya ndimu kwenye leso aliyotembea nayo mfukoni. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, hakula, kwa sababu alijua wanavuliwa wapi. Mikono aliinawa mpaka ngozi ya vidole ikapauka. Nyumbani kwake Buyenzi, mkewe, Mwantum, alikuwa amepigilia msumari nje ya mlango kwa ajili ya shati lake la kazi.

"Shati ile iache inje," alimwambia kila jioni. "Mi niliolewa na mutu, sikuolewa na mutaro."

Massoudi aliingia maabara kama mfagiaji, mwaka ule ambao Marcellin, aliye profesa leo, alikuwa msaidizi kijana aliyetoka masomoni ng'ambo na koti moja tu. Marcellin ndiye aliyemfundisha kazi: kusoma alama za vipimo, kuchuja maji kwenye karatasi nyembamba, kuilaza karatasi hiyo katika kisahani chenye chakula cha vijidudu, kisha kuhesabu kesho yake vidoa vya njano vilivyoota, kila kidoa kikiwa ni kijidudu kilichotoka katika kinyesi. Na juu ya yote alimfundisha kanuni ya daftari. Unaandika kwa wino. Hupasui ukurasa. Ukikosea, unapiga mstari mmoja tu, ili kilichokosewa kiendelee kusomeka, na pembeni unaweka jina lako.

"Usifute, Massoudi," Marcellin wa wakati ule alikuwa akisema. "Mi nataka kuona ulikosea wapi."

Massoudi aliishika kanuni hiyo kama alivyoshika swala tano.

Kazi kubwa ya kundi mwaka huu ilikuwa chujio la mchanga huko Ruziba, kando ya ziwa. Maji yalivutwa kutoka ziwani, yakapita katika tangi la mchanga, yakatokea kwenye bomba moja lenye kufuli. Wafadhili walilipia, na Lisette, mwanafunzi wa shahada ya pili, binti wa watu wa Uvira waliohamia Musaga, aliandika tasnifu yake juu yake. Siku ya Ijumaa wageni wangekuja, bomba lingefunguliwa, na kaya mia mbili zingeanza kunywa. Lilibaki jambo moja tu: kupima mara ya mwisho. Walipima kwa chupa sita, kama desturi yao. Tatu zilijazwa bombani, na tatu ziwani, pale mtaro unapomwagika, ili kulinganisha.

Jumapili iliyotangulia Massoudi alikwenda maabara kuziandaa. Wanafunzi wengine walikuwa wamezitumia kwenye mtaro wa machinjio na kuzirudisha bila kuziosha. Ndani kulikuwa na ute mweusi, mafuta yaliyoganda na nywele za ng'ombe. Alipofungua ya kwanza, mkono ulikimbilia leso mfukoni, ikabidi ashike ukingo wa meza. Alizisugua mara mbili. Harufu haikutoka. Basi akamimina Javeli, dawa ya klorini ya kuulia vijidudu, tena si kidogo, akaziacha humo kutwa nzima.

Jioni maji ya bomba yalikuwa yamekatika, na umeme pia. Kawaida chupa zilisuuzwa mara nyingi kwa maji safi, kisha zikapikwa katika sufuria la mvuke. Massoudi alizisuuza mara moja tu, kwa maji yaliyobaki kwenye dumu, akazifunga. Zilinukia vizuri. Alijiambia kwamba Javeli imekwisha kuua kila kilichomo. Alisema kweli. Tatizo ni kwamba ilibaki ndani, ikisubiri kuua na kitakachoingia.

Jumatatu alifuatana na Lisette hadi Ruziba. Mahali mtaro ulipoingia ziwani palikuwa na povu la kijivu, nepi za watoto, matumbo ya samaki, na kitu kilichovimba ambacho Massoudi hakukitazama mara ya pili. Lisette aliingia kwa mabuti, akainamisha chupa. Massoudi alisimama ukingoni, leso puani.

"Baba wa machupa, leo tena na kitambaa kwa pua?" Ilikuwa sauti ya Mama Mwavita, muuza ndagala, mwenyekiti wa kamati ya bomba. Ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya viatu. "Sisi tunaoga mu hii maji."

"Ndio maana sikulake ndagala zako, mama."

"Utakula vendredi, ile Ijumaa ya wageni. Nitazipika na maji ya robine, ya hii bomba yenu, utakosa sababu." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mujukuu wangu alilala siku tisa mu hema ya kipindupindu. Siku tisa, serumu mu mukono. Fanyeni mbio na ile robine."

Jumanne asubuhi Lisette alifungua kabati la joto, ambamo visahani vilikuwa vimelala usiku kucha. Visahani vitatu vya bomba havikuwa na kidoa hata kimoja. Alipiga makofi taratibu, kama mtu aliye kanisani. Kisha akavitoa vile vya ziwa, mikono ikamsimama hewani. Navyo vilikuwa vyeupe, safi, kama vilivyotoka dukani.

"Baba Massoudi," alisema. "Hii ni ile maji ya nepi. Inawezekana je?"

Massoudi alichukua moja ya chupa, akaifungua, akaiweka puani bila leso. Ilinukia usafi. Palepale alijua, na uso wake ukapata moto.

Alibeba daftari hadi ofisi ya Profesa Marcellin. Profesa alikuwa akijifuta vidole, kimoja baada ya kingine, kwa karatasi laini yenye manukato. Massoudi alieleza yote: machinjio, Javeli, dumu, kusuuza mara moja.

"Kosa ni yangu, Prof. Ile sifuri zote ni za bure. Tupime tena."

Marcellin alisoma ukurasa kwa utulivu. "Bomba ni sifuri, sifuri, sifuri," alisema. "Bon. Hizo tatu za ziwa, tutasema siku ile hatukupima ziwa."

"Lakini machupa ni ya aina moja. Zililala mu Javeli moja."

"Massoudi, ndugu yangu. Wageni wako mu ndege. Lisette anangoja soutenance, atetee tasnifu yake. Hili chujio nimelipigania miaka mine." Alivuta droo, akatoa wembe mpya ndani ya karatasi yake, akausukuma juu ya meza. "Ukurasa huu uutoe. Andika mwingine, safi, wenye mistari mitatu. Kata karibu na uzi, isionekane."

Ofisi haikuwa na uvundo. Ilikuwa na manukato ya ile karatasi, na maua ya plastiki yaliyopanguswa vumbi. Hata hivyo mkono wa Massoudi ulikimbilia leso kama ulivyoikimbilia mbele ya chupa za machinjio, na safari hii hapakuwa na kitu cha kusugua. Kilichomtia kinyaa zaidi ni sauti yake mwenyewe, iliyosema, "Sawa, Prof," na mkono wake uliochukua wembe.

Alirudi maabara, akakaa, akafungua daftari. Lisette alikuwa ametoka. Massoudi aliweka wembe kwenye ukurasa, karibu na uzi, akakata. Karatasi ilitoa sauti ndogo. Alipofika urefu wa kidole alisimama. Akautazama ule mpasuko mwembamba, ulionyooka, uliokatwa kwa mkono hodari, naye akaona kwamba hajawahi kushika kitu kichafu kama kile tangu azaliwe. Akauweka wembe kando. Akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya sifuri sita, akaandika pembeni, kwa Kifaransa cha daftari: chupa zililoweshwa katika Javeli na kusuuzwa mara moja, kosa ni langu, Massoudi.

Lisette aliporudi aliuona wembe kabla hajaona maandishi. Hakuhitaji kuelezwa mengi.

"Soutenance yangu ni tarehe makumi mbili," alisema. "Mama alisha alika batu. Alisha nunua na kitambaa."

"Najua, binti yangu."

"Na Prof ndiye anasaini."

"Najua."

Lisette alisokota mkanda wa koti lake jeupe, akausokotoa. "Leo umeme iko?"

"Iko."

"Basi tupike machupa."

Jumatano walikwenda tena Ruziba na chupa sita zilizopikwa kwa mvuke. Alhamisi asubuhi visahani vya ziwa vilikuwa vimeota zulia la njano ambalo hakuna mtu angeweza kulihesabu. Harufu yake ilimfanya hata Lisette ageuze uso. Vya bomba vilihesabika. Thelathini na kimoja, kumi na tisa, ishirini na saba. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kidoa kimoja.

Sababu Lisette aliijua, kwa kuwa ndiyo sura ya tatu ya tasnifu yake. Mchanga ulikuwa bado mpya. Chujio la namna ile husafisha maji pale tu juu ya mchanga panapoota utando hai unaokula vijidudu, na utando huo ulihitaji kama wiki sita nyingine. Alimpelekea Profesa hesabu mpya. Profesa hakuinua macho.

"Vendredi ipite kwanza," alisema. "Halafu tutaona."

"Prof, batu watakuwa wameanza kunywa."

"Walikuwa wanakunywa ziwa, Lisette. Hii si afadhali?"

Lisette alipomrudia Massoudi na maneno hayo, mzee alivua koti lake la kazi, akalitundika, akaenda kutafuta gari la Ruziba. Alimkuta Mama Mwavita akigeuza ndagala juani. Alimwambia waziwazi: maji ya bomba bado, wachemshe kila tone, na hesabu itakayosomwa kesho si ya kweli.

"Ile hesabu ya uongo ilitoka wapi?" aliuliza Mwavita.

"Kwangu. Niliosha machupa vibaya."

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Na ulisema kwa nani, mbona kesho itasomwa?"

Massoudi aliangalia ndagala. Mwavita akavua ule ufunguo shingoni, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, mafundo mawili.

Ijumaa palikuwa na hema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, na meza yenye glasi moja tupu juu ya kisahani. Profesa Marcellin alihutubia kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, na katika lugha zote tatu alisema sifuri. Massoudi alikaa mstari wa nyuma. Mbele yake mtaro ulipitisha mzigo wake kuelekea ziwani, na upepo ulileta harufu, lakini hakutoa leso. Kila sifuri ilimnukia vibaya kuliko mtaro.

"Sasa mama présidente atupatie ufunguo," alisema Profesa.

Mama Mwavita alibaki amekaa. "Bado."

"Bado nini, mama?"

"Baba wa machupa alisema maji haijaiva."

Watu wa Ruziba walicheka. Kijana mmoja akauliza kama itahitaji chumvi. Mgeni mkuu, mama mwenye nywele za mvi, aliinama kuuliza kimesemwa nini. Profesa akamtafsiria kwa tabasamu: ufunguo umepotea, unatafutwa.

Lisette alisimama. Alikuwa na daftari kifuani. Alisema kwa Kifaransa kwamba sivyo, akasogea mbele, akaliweka mbele ya mgeni, penye kurasa mbili: ule wenye mstari mmoja juu ya sifuri sita, na ule wa Alhamisi. Mgeni alivaa miwani, akasoma polepole. Kidole chake kikafika karibu na uzi, kikasimama.

"Na hapa?" aliuliza. "Nani amekata?"

Profesa Marcellin alitazama ziwa. Lisette hakujua, mpasuko ule hakuwa ameuona. Massoudi aliinuka kwenye kiti chake cha nyuma, na watu wakageuka.

"Mimi," alisema kwa Kifaransa chake cha maabara. "Nilianza kukata ukurasa. Nikaacha."

"Kwa nini ulianza?"

"Nilipewa wembe, bibi, nikaupokea."

Mgeni hakuuliza wembe ulitoka kwa nani. Alivua miwani, akamtazama Profesa, kisha akaisukuma ile glasi mbali naye kidogo, kwa ncha ya kidole. Bomba halikufunguliwa siku ile. Lilifunguliwa baada ya wiki saba, visahani vya bomba vilipokuwa vyeupe na vya ziwa vya njano, na ufunguo ukafunguliwa mafundo mawili mbele ya watu wote.

Lisette hakutetea tasnifu tarehe ishirini. Alitetea mwezi wa tatu uliofuata, chini ya mwalimu mwingine, na mama yake alivaa kile kitambaa. Profesa Marcellin yumo bado ofisini mwake; hupita mlangoni mwa maabara bila kusalimu, na nyuma yake hubaki manukato kidogo.

Massoudi anaosha chupa. Anazisuuza mpaka Lisette aliyekuja kuaga anamwambia, "Baba, utazitoboa." Javeli ameihamishia kabati la chini, nyuma ya ndoo. Zamani alipenda harufu yake kupita ya ndimu. Sasa mfagiaji akipita nayo kwenye korido, Massoudi hutoa leso, akaziba pua, akangoja ipite.