Mita Sitini Kutoka Mtoni

Mama mkubwa alisoma maji kwa miaka thelathini na moja. Chini ya daraja kuna nguzo yenye namba, na kazi yake ilikuwa kuitazama asubuhi na jioni na kuandika mto umefika wapi. Mtaani walimwita Mama Rula. Kusamehe hakujua, na niseme mapema: mimi ni damu yake.

Yeye ndiye aliyegundua kwamba hata kiangazi, bila tone la mvua, mto wetu hupanda kiganja kimoja kisha hushuka. Bahari iko safari ya basi ya kutwa nzima, lakini ikijaa huusukuma mto mpaka kwetu. Aliandika, hakumwambia mtu, maana hakuna aliyeuliza.

Aliyekuja kuuliza ni Bwana Ramani, ofisa wa mipango miji. Shikamoo mama nyingi, chai akanywa, daftari akaliazima. Mwezi haukuisha, notisi ikabandikwa mlangoni: sheria ya pwani inakataza nyumba ndani ya mita sitini kutoka maji yanayojaa na kupwa, na ushahidi ni daftari la mwenye nyumba mwenyewe. Watu walicheka, pwani gani huku bara? Tingatinga halikucheka. Lilianzia jikoni, sufuria ikiwa bado motoni.

Miaka kumi na miwili aliishi chumba cha uani kwetu, na dua yake ilikuwa moja tu: "Mungu wangu, usimchukue kwanza."

Mungu alisikia. Bwana Ramani alistaafu, akajenga ghorofa kando ya mto ule ule, hatua chache kutoka ilipokuwa nyumba ya mama mkubwa. Ofisa mpya akampa notisi. Akakimbilia baraza la rufaa kulalamika: huu ni mji wa bara, sheria za pwani zinatuhusu nini? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mwanasheria wa mtaa akatuletea habari. "Akishinda huyu, maana yake sheria haikuwahusu ninyi pia. Mtarudishiwa kiwanja."

Mama yangu alimpigia dada yake magoti. "Dada, nyamaza tu. Watoto wapate pa kujenga."

Nami nilimwomba. Nilikuwa na mchumba, na sikuwa na pa kuweka kitanda.

"Nikikupa kiwanja, yule atakuwa jirani yako," alisema. "Utamwamkia kila asubuhi?"

"Nitamwamkia, mama mkubwa."

"Basi una moyo. Mimi sina."

Barazani Bwana Ramani aliapa kwamba hakuna ushahidi wa maji kujaa, na daftari lile la zamani, bahati mbaya, lilipotea ofisini. Alisahau kwamba msoma maji huandika nakala mbili. Mama Rula alisimama na yake, karatasi zimegeuka njano, wino uko pale pale.

"Mama," mwenyekiti alimwuliza, "unajua ukilitoa hilo na kiwanja chako kimekwenda?"

"Najua. Soma."

Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na sikumsemesha kwa wiki mbili. Siku ya kubomoa ghorofa alinigongea mlango alfajiri, kigoda mkononi. Nikamfuata kwa hasira zangu.

Bwana Ramani alikuwa barabarani amekalia godoro. "Umepata faida gani, mama?" alimwambia. "Hata wewe umekosa."

"Nimekosa kiwanja," alijibu. "Siku hii nimeipata."

Akamwendea dereva wa tingatinga. "Mwanangu, anzia jikoni."

Dereva aliangalia karatasi yake, akaangalia uso wa yule mama, akageuza usukani. Ukuta wa jiko ulipoanguka, masufuria yalisikika yakigongana ndani. Mama Rula alikaa, akasogea, akanipigia kofi nusu ya kigoda iliyobaki. Nilikaa. Nilitazama mpaka ukuta wa mwisho, na sikukumbuka kiwanja hata mara moja.