Ngozi ya Shahada Yangu

Nyumbani kwetu Endagikot mkopo ulikuwa na pembe, mkia, na tabia mbaya ya kupiga teke ndoo. Ng'ombe aliyetukuza kwa maziwa hakuwa wetu. Alikuwa wa rafiki wa baba, Mbarabaig wa kule tambarare za Hanang, upande wa Nangwa, aliyemkopesha baba mtamba mmoja kabla sijazaliwa. Yule mtamba alizaa, watoto wake wakazaa, na mimi nikaota meno, nikang'oka meno na kuota mengine, tukiwa bado tunafuga ng'ombe wa mtu.

Masharti hayakuandikwa popote na kila mtu aliyajua. Maziwa na mbolea ni vya anayefuga. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ingawa akifurahi anaweza kukuachia mmoja. Ukikamua, humalizi, unabakiza ya ndama, na mama akikukuta umekamua mpaka tone la mwisho alikutukana kana kwamba umeiba sadaka kanisani. Ng'ombe akifa, kwa ugonjwa au kwa fisi, unamchuna na kumpelekea mwenyewe ngozi. Anaikagua, anatafuta alama yake kwenye sikio, anauliza maswali ya kipolisi, halafu anachomoa kisu na kulikata lile sikio. Ngozi inabaki kwake, sikio unarudi nalo wewe. Ndio ushahidi kwamba umesema kweli, na hakuna mtu atakayekudai tena ng'ombe aliyekufa.

Basi nilipopata mkopo wa chuo, nilimweleza baba kwamba serikali imenikopesha. Alifurahi sana.

"Watakuja lini kumwona?" akauliza.

"Kumwona nani, baba?"

"Ng'ombe wao."

Nikamwambia hawaji. Alisikitika. Rafiki yake hupanda kutoka Nangwa kila baada ya mavuno, anamtazama ng'ombe wake dakika mbili, kisha anakaa kwetu siku kadhaa akila ugali na kulalamikia mvua. Baba aliona serikali ni mtu asiye na adabu, kumpa mtoto wa watu mali halafu hata kuja kuuliza anakula nini, asije.

Nilichokuwa nakula kilikuwa chipsi. Bumu likiingia, yaani ile fedha ya kujikimu, hosteli nzima ilinukia mafuta na nywele mpya. Nilisoma mahusiano ya umma. Nilivaa joho, nikapigwa picha nimekumbatia shahada, nikarudi Endagikot, na umma niliopewa kuhusiana nao ukawa vitunguu saumu.

Niliomba kazi mpaka vidole vikaota sugu, na vingine viliota kwa jembe. Kazi zilitaka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu ulitaka mtu mwenye kazi. Wakati huo huo simu ilikuwa ikiingiza ujumbe: Mpendwa mnufaika, unakumbushwa kuanza kurejesha mkopo wako. Nimechuchumaa kwenye tuta, kucha zimejaa udongo, mgongo unawaka, naitwa mnufaika. Na mwaka ule hakuna mwanamume aliyeniita mpendwa isipokuwa mdai.

Jioni tukikata mikia ya vitunguu saumu kwa ajili ya soko, nilihutubia. Nilisema mikopo yote ifutwe. Nilisema wametusomesha ili watufunge kamba, kwamba waliotutangulia walisoma bure na kula nyama ya bure, kisha wakapanda juu na kuvuta ngazi. Baba alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni. Mama hakunyanyua hata uso.

"Na huyu mdogo wako?" akasema, akielekeza kisu kwa mdogo wangu wa kiume aliyekuwa amejifanya anasoma kando ya jiko. "Mkishasamehewa ninyi wote, yeye atakopeshwa nini? Mkia?"

"Serikali ina hela, mama."

"Hela za serikali ni hizi," akasema, na kunirushia kitunguu saumu. "Nikivifikisha sokoni wanakata ushuru. Mimi sijawahi kuona hata geti la chuo, halafu nikusamehe wewe na nywele zako?"

Nilikasirika vibaya. Hasira yangu ni ya mama, kwa hiyo ilikutana na mwenzake. Nikasema kwa sauti ambayo majirani waliisikia, "Basi nilipe na nini? Shahada yenyewe imekufa! Haina maziwa, haina mbolea, imelala ndani ya sanduku imekauka!"

Mama akacheka. Baba hakucheka. Aliweka kisu chini, akanitazama kwa huzuni ambayo sikuielewa, akasema, "Pole sana, mwanangu. Mbona hukuniambia mapema?"

Siku chache baadaye rafiki yake akafika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na alipokwisha kunywa chai akanikalisha mbele yake na kuanza kunihoji. Alitaka kujua huyo mnyama wangu aliugua muda gani. Nikamjibu tangu nimalize chuo. Hata kikombe kimoja hakutoa? Hakutoa. Nilimpeleka kwa wataalamu? Nikasema nimempeleka kila ofisi ya Babati na Arusha. Akainama karibu.

"Na hukumchinja mwenyewe ukamla?"

Nikaikumbuka simu yangu niliyoinunua kwa bumu, nikazikumbuka zile chipsi. "Kidogo, mzee," nikasema. "Mkia tu."

Nilidhani tunapiga soga. Nilicheka mpaka machozi, nikawapa ugali, nikaenda kulala nikiwa nimefurahi kuliko siku nyingi. Asubuhi nikapakia magunia ya vitunguu saumu na kwenda sokoni Mbulu mjini.

Nikiwa pale sokoni simu ikaita. Shirika moja la Babati, ambalo nilishalisahau, lilikuwa linaniita kwenye usaili kesho kutwa. Mama mmoja mwenye sauti ya haraka alisema nifike saa mbili asubuhi na vyeti halisi, si nakala, asiye na cheti halisi asijisumbue. Nikauza vitunguu vilivyobaki kwa bei ya aibu na kurudi nyumbani nikiimba.

Nikafungua sanduku la bati. Cheti cha kidato cha nne kipo, cha sita kipo, cha kuzaliwa kipo. Shahada haipo. Nikatoa nguo zote, nikainua godoro, nikamshtaki mdogo wangu, nikamshtaki paka.

"Baba yako na mwenzake wameondoka nayo," mama akasema kutoka jikoni, kama anayesema wameondoka na mwavuli. "Wamepeleka ngozi."

"Ngozi gani?"

"Si ulisema imekufa? Wamekwenda kuirudisha kwa wenyewe."

Nikauliza wenyewe ni nani, wako wapi. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba baba hakuwa na anwani ya mdai wangu, ila rafiki yake alikuwa akiifahamu serikali. Kwa maisha yake yote serikali iliyomhusu ilikuwa moja, yule bwana mifugo wa Katesh, anayechanja ng'ombe na kuzikagua ngozi. Kama kuna mtu wa kupokea ngozi serikalini, ni yeye. Usiku ule wangelala Nangwa kwa rafiki, asubuhi waende ofisini. Nikampigia baba. Haikuita. Baba akisafiri huzima simu ili chaji isiishe.

Alfajiri nilikuwa barabarani. Nikateremka mpaka Dareda nikiwa nimebanwa na masufuria ya mtu, nikadandia gari la Katesh. Nilikasirika njia nzima. Nilimkasirikia baba, nikaikasirikia serikali, nikaukasirikia na mlima Hanang uliokuwa umetulia pale mbele na wingu kichwani kana kwamba hauna mkopo na mtu.

Niliwakuta kwenye benchi nje ya ofisi ya mifugo, kila mmoja na soda. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nilimwamkia kwa mdomo ambao haukutaka kuamkia. Akasimama, akanishika mikono yote miwili, kitu ambacho huwa hafanyi hadharani.

"Mwanangu, yamekwisha," akasema. "Imepokelewa. Hudaiwi na mtu."

Nyuma yake mlangoni alisimama bwana mifugo mwenyewe, kijana wa rika langu, ameshika shahada yangu kwa vidole viwili. Haikuwa na kona. Ile kona yenye muhuri mwekundu ilikuwa imeondoka, imekatwa kwa mstari safi wa mtu anayejua kazi yake.

"Dada, samahani," akasema. "Wazee wamenieleza vizuri, nikajua tunataniana. Huyu mzee akauliza alama ya mwenyewe iko wapi, nikamwonyesha muhuri. Alipotoa kisu nilifikiri anakata tumbaku."

"Ukamwacha?"

"Kabla sijafungua mdomo sikio lilikuwa limetoka." Akashusha sauti. "Na mimi ni mnufaika, dada. Wananikata kila mwezi. Alivyomaliza, nilitamani nikakichukue na cheti changu."

Nikakaa kwenye benchi. Nikawaambia habari ya usaili, Babati, kesho, saa mbili, cheti halisi. Niliisema polepole, kwa kuwa ningeisema haraka ningepiga kelele. Rafiki wa baba aliacha kunywa soda. Alimgeukia baba na uso ambao sijawahi kuuona kwetu mezani.

"Umenipeleka mbele ya serikali na ngozi ya ng'ombe anayetembea?"

Kwa watu hawa hakuna wizi mchafu kuliko huo. Baba, mzee wa watu ambaye hajawahi kumpunja mtu hata debe la mahindi, alisimama pale Katesh katika koti la kanisani akiwa mwizi wa mifugo. Nikamtetea. Nikasema ni mimi niliyetangaza msiba, baba alikuja kuzika tu. Rafiki yake akatema mate pembeni, akasema basi ng'ombe alikuwa amezimia, watu wa nyanda za juu hawajui kumtambua aliyezimia. Faini ni asali, galoni nzima, na yeye mwenyewe atakuja kuichukua. Uso wake ukarudi kama kawaida, akaendelea na soda.

Kazi iliyobaki ilikuwa ile kona. Nikamwomba baba. Akaingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, na ndani yake kipande kidogo cha karatasi chenye muhuri. Hakunipa. Alikishika tu.

"Ukikichukua hiki," akasema, "wanakudai tena."

"Najua, baba."

"Zote?"

"Zote. Hata zile za chipsi."

Nilimwona jinsi anavyokitazama. Tangu asubuhi ile mpaka nilipofika mimi na domo langu, baba yangu alikuwa mtu aliyemtoa mtoto wake kwenye deni. Alikuwa amelipa nauli, amesimama mbele ya ofisi, amesema maneno yake, na akapewa uthibitisho wa kuweka mfukoni. Nusu siku tu. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa ujumbe wowote wa simu, na nilitamani kumwambia akae nacho, niende zangu kulima. Lakini niliitaka ile kazi. Nikanyoosha mkono, akakiweka kiganjani mwangu, akakunja kitambaa kitupu na kukirudisha mfukoni.

Bwana mifugo alikuwa na selotepu. Tuliliunga sikio mezani kwake, yeye akishika, mimi nikibandika, wazee wawili wakitukosoa.

Kesho yake, Babati, wasaili walikuwa watatu. Yule mama mwenye sauti ya haraka aliigeuza shahada yangu huku na huku, akauliza kama imeliwa na panya. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri wa kifundi. Sijui nini kilinipata, nikawasimulia yote, tangu mtamba mpaka selotepu. Mmoja alilazimika kuvua miwani afute macho. Walisema mtu anayeweza kuieleza aibu yake namna ile anafaa kwa mahusiano ya umma, na kazi nikaipata.

Bado nasema mikopo isamehewe. Nasema kwa sauti, na mama bado ananirushia vitu, hasa sasa mdogo wangu ameomba wa kwake. Nimepunguza kidogo tu: yule ambaye shahada yake imekufa kweli, apewe pa kuipeleka, akutane na mtu wa kumuuliza maswali na kumkatia sikio. Sisi wenye ng'ombe waliozimia tukamuliwe.

Mshahara wa kwanza ulipoingia, nilikaa ofisini nikiitazama karatasi yake. Mstari wa mkopo ulikuwa pale katikati, umenona kuliko mimi. Nikampigia baba, na safari hii simu yake ilikuwa imewashwa.

"Shikamoo, baba. Wamekamua."

"Marahaba." Nilimsikia akiondoka karibu na watu. "Wamebakiza ya ndama?"

Nikaitazama ile karatasi tena, mpaka chini kabisa.

"Kidogo, baba," nikasema. "Wamebakiza kidogo."