Pini Nyekundu Kwenye Mpango wa Anga

Mimi si mtu wa kubahatisha. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru nilirudi kutoka Ulaya na diploma, na idara ya anga ya serikali ikanipa kazi kubwa: kupanga mahali pa kujenga kituo cha kufuatilia setilaiti. Nyumbani Nyeri nilikuwa sijafika bado. Nilitaka mama anione nikishuka kwenye gari la serikali.

Nikatandaza picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, nikachagua mgongo mmoja wa kilima wenye mti mkubwa wa mugumo, nikachomeka pini nyekundu.

"Una hakika hapa hakuna watu?" mkurugenzi akaniuliza.

"Ni kichaka tu, mzee. Picha hizi nimezisomea."

Tulipofika na mkurugenzi na wapimaji, nilinusa moshi wa kuni za mibuni, nikajua niko wapi. Chini ya mugumo ule nilikuwa nikilala chali, mbuzi wakila, nikitazama ndege zikielekea Nanyuki na kuapa kwamba siku moja zitanijua. Mgongo ule niliujua kwa miguu. Kutoka juu sikuwahi kuuona.

Mama akatokea na jembe. "Mnafanya nini kwa viazi yangu?"

"Tumeambiwa hapa hakuna watu, mama," mpimaji akajibu.

"Ati hakuna watu? Nani alisema?"

Kisha akaniona, akatupa jembe. Nina jina la baba yake, kwa hiyo huniita Baba.

"Baba! Umerudi!" Akanikumbatia, tope likajaa kwenye tai yangu. "Waambie hawa, Baba. Waambie hapa ni kwetu."

Mkurugenzi akavua kofia. "Ndiyo, bwana," akasema. "Tuambie."