Diwani aliyeshindwa kuingia dukani

Leo diwani wetu amekwama mlangoni kwetu, na hakuna aliyemshika.

Ndiye aliyelisukuma baraza likubali nyumba zetu za kando ya barabara ziuze bidhaa, lakini ndani tu. Kibanda cha mama cha nje akaamuru kibomolewe. "Kinaaibisha Nyamira," alisema.

Mama akahamishia sukari na chumvi sebuleni.

Leo diwani amekuja kukagua duka. Asipokagua, hakuna leseni.

Sasa, huyu diwani ni baba mdogo wa baba yangu. Kwa mama ni baba mkwe. Na kwetu Wagusii, baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe!

Akasimama nje kwenye manyunyu, suti inalowa.

Mnajua mimi si msemaji. Leo nimesema.

"Babu, karibu ndani. Nje si umekataza?"

Akakohoa. "Mwambie mama yako atoe meza nje."

"Pale palipokuwa na kibanda?"

"Pale pale."

Mheshimiwa mzima anageuza nyumba za watu kuwa maduka, bila kujiuliza yeye mwenyewe ataingia ngapi!

Akakagua bidhaa pale mezani, akatia sahihi; leseni tunayo. Na kwa kuwa nje ameparuhusu mwenyewe, mama anapigilia misumari ya kibanda upya.

Niambieni, ninyi mngejizuia kucheka?