Udongo wa Uani Kwake

Kwenye kazi za barabara walimwita Shindilia, na jina hilo lilimganda mpaka akastaafu nalo. Maisha yake yote alisimamia ushindiliaji: udongo unamwagwa, unanyunyiziwa maji, mtambo unapita na kurudi, na yeye anaufuata nyuma akikanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama hata kidogo, rudia. Madereva walimchukia, na barabara zake zilidumu. Sasa mtu kama huyo, aliyezoea kuamrisha mitambo, wewe mfungie ghorofani, mvishe kandambili laini, mwambie apumzike. Huko si kumpumzisha mtu, ni kumweka kabatini.

Ilianza kwa kuanguka. Aliteleza bafuni nyumbani kwake, alikokuwa akiishi peke yake tangu mkewe afariki. Alilazwa, na siku ya kuruhusiwa, gari la mwanawe lilipita njia panda ya kwake bila hata kupunguza mwendo. "Kwa muda tu, baba," mwana alisema. Mwana huyo ni mhasibu, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti, na mkewe, muuza dawa, ni mpole kumzidi. Walimhurumia mzee kwelikweli, na ndiyo maana hakuwa na pa kuwakasirikia. Kwa kuwa alikuwa akishikwa na kizunguzungu, mlango wa nondo unaotokea ngazini ulifungwa kwa kufuli. Asubuhi wote wawili waliondoka na funguo zao, akabaki yeye, chupa ya chai, bakuli la chakula kisicho na chumvi, na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani.

Kila Jumapili aliuliza atarudi lini kwake, na kila Jumapili alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Daktari bado hajaruhusu. Ngoja mvua ziishe. Tutafute kwanza mtu wa kukaa nawe. Mzee alitikisa kichwa akarudi kwenye kiti chake, na moyoni alihisi anaisha taratibu, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

Tangi lilikuwa wazo la mkwe. Mteja wake mmoja alikuwa anahama, akaliacha bure: tangi kubwa la kioo, refu kama meza ya watu sita, pamoja na taa yake. Liliwekwa sebuleni chini ya dirisha.

"Tukuletee samaki wa rangi, baba," mkwe alisema. "Wanaburudisha macho."

"Samaki wa nini? Mimi nimefungiwa, na mimi tena nikamfungie mwingine?" Mzee alilizunguka tangi, akaligonga kwa ukucha. "Nataka majani. Bustani ya chini ya maji."

Mwana alicheka. Alikuwa ameshiba na ilikuwa siku ya mapumziko, na labda ndiyo maana ulimi ulimteleza. "Haya. Ukiweza kuotesha bustani ndani ya maji, baba, ikashika na ikastawi, basi hata nyumba unaiweza. Siku hiyo nitakurudisha kwako mimi mwenyewe."

"Rudia."

"Nitakurudisha kwako."

"Mkwe wangu, umesikia?"

Mkwe alisema amesikia, akakusanya vikombe akaenda navyo jikoni, ingawa vingine vilikuwa bado na chai.

Kwa mwana yalikuwa maneno ya mezani. Kwa mzee yalikuwa mkataba. Usiku ule alilala akiwa na jambo la kufikiria, na jambo lenyewe lilikuwa moja: chini ya maji kutawekwa nini? Kwa mtu wa barabara hakuna swali lingine. Kinachoonekana juu ni mapambo tu, kazi yote iko chini.

Duka la samaki lilikuwa mtaa wa nyuma, na mwana alimpeleka kwa kumshika mkono ngazi baada ya ngazi. Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mcheshi, mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko. Alimwekea mzee ndoo kadhaa mbele yake. Kokoto za rangi, za buluu na waridi, mzee hakuzitazama mara mbili. Kokoto za kawaida ni safi na haziharibu maji, ila hazina chakula cha mmea. Mchanga wa mtoni unapendeza machoni, lakini nao hauna lishe. Mwisho kulikuwa na udongo wa kawaida, ambao muuzaji aliufuta mikononi huku akicheka.

"Huu ndio wenye rutuba, mzee, lakini una vituko. Ukiukosea, sebule yote itakuwa na tope. Kwa mtu anayeanza, mimi ningeanza na kokoto."

"Anayeanza!" Shindilia alijipiga kifua. "Binti, mimi nimepanga matabaka ya ardhi kabla hujazaliwa."

Akachagua kokoto kubwa, changarawe na mchanga. Udongo aliukataa kabisa, maana katika kazi yake udongo laini chini ya kitu chochote ulikuwa adui. Nyumbani alivua saa, akakunja mikono ya shati, akapanga tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Kila tabaka alilinyunyizia maji, kisha akalishindilia kwa kipande cha ubao, pa, pa, pa, mpaka jirani wa chini akagonga dari. Alipomaliza alibonyeza kwa kisigino cha mkono. Hakikuzama. Mimea aliichomeka kwa kutoboa mashimo kwa bisibisi, na tangu aanguke hakuwahi kulala usingizi mtamu kama siku ile.

Majani yalikaa vizuri kwa muda mfupi, kisha yakaanza kuwa na rangi ya chai. Mashina yalilegea, yakang'oka yenyewe, yakaelea. Kwenye kioo, pale matabaka yalipoonekana ubavuni, palitokea madoa meusi, na kila alipogusa mchanga vilipanda viputo vyenye harufu ya yai viza. Mzee aliongeza taa. Akabadilisha maji. Akashindilia upya, akidhani kazi imelegea. Mimea ikafa yote.

Mwana hakumcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Usijali, baba. Kuna mimea ya plastiki siku hizi, huwezi kuitofautisha."

Mzee alijua vizuri plastiki ile ilikuwa na maana gani kwake: kiti hiki, dirisha hili, bakuli hili, mpaka siku ya kubebwa.

Mkwe ndiye aliyemwita muuza samaki aje atazame. Yule mwanamke alipiga magoti mbele ya tangi, akaingiza kidole mchangani, kidole kikagoma. Akajaribu tena. Kisha akakaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee, hii ni barabara! Hata lori linapita. Sasa mizizi ipite wapi? Ipumue wapi?"

Shindilia naye alicheka, ingawa uso ulimwaka kwa aibu. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kufa kwa sababu chini yake ni pagumu mno.

Basi ikawa udongo. Muuzaji alimweleza: uchekeche, uloweke, tandaza tabaka jembamba, funika kwa mchanga, na usiguse! Uache uwe laini. Usitumie udongo wenye mbolea ya chumvichumvi, uwe udongo unaoujua ulikotoka. Mzee alianza kutabasamu kabla hajamaliza kusikia. Udongo anaoujua? Uani kwake, upande wa ukuta wa jikoni, mkewe alikuwa akimwaga majani ya chai na maganda miaka nenda miaka rudi, na udongo wa pale ulikuwa mweusi, unavunjika vidoleni kama keki.

"Nipeleke nikachukue," alimwambia mwana jioni hiyo.

"Udongo wa mfuko unauzwa dukani, baba. Nitakununulia."

"Nataka wa kwangu."

"Kule kuna jua, baba, na foleni..."

"Basi kachukue wewe. Usiponiletea huo, mimi sipandi kitu, na ahadi yako umeivunja wewe."

Mwana alitazama simu, akamtazama mkewe, akashika tama. Mwisho alisema sawa, ataenda. Angeweza kuchota udongo popote, kando ya barabara, kwenye kiwanja cha jirani, na mzee asingejua. Mimi naamini alikuwa amechoka kudanganya, akaona hapa angalau atakuwa mkweli. Alirudi na mfuko wa simenti uliojaa nusu, akaubwaga mlangoni, akaenda kuoga.

Siku iliyofuata, walipokwenda kazini, mzee alitandika gazeti sakafuni akaanza kuchekecha. Aliinusa konzi ya kwanza. Ndiyo, ulikuwa udongo wa kwake. Furaha ikampanda mpaka akaongea nao. Kisha chekecheo likaanza kukwaruza. Alitoa kipande cha lipu. Akatoa kingine, kina rangi ya chokaa upande mmoja. Vitu hivi havifai majini, vinaleta ukali, kwa hiyo alivichambua kimoja kimoja na kuvitupa pembeni, akiilaumu mvua kwamba imebandua ukuta. Konzi ya tatu ilitoka na kipande kinene cha sakafu, rangi nyekundu iliyoiva kama ini.

Mikono yake ilisimama. Sakafu ile aliichanganya mwenyewe. Mkewe alitaka jikoni pekundu, na yeye, mtu wa kuzidisha, akatia unga wa rangi mara mbili ya kipimo, ikatoka rangi ambayo hakuna fundi mwingine angeitoa hata kwa kulipwa. Mkewe alicheka siku nzima, akasema sasa atakuwa anapika juu ya ini. Sakafu ya ndani haivunjwi na mvua. Wala haifiki uani kwa miguu yake.

Alijua. Nasema alijua, lakini hakutaka kujua, na mtu anaweza kukaa hivyo muda mrefu kuliko unavyodhani. Huenda panapanuliwa. Huenda wanaweka sakafu mpya, wanitayarishie. Aliogopa kuuliza, kwa sababu kabla hajauliza nyumba ilikuwa bado imesimama, na yeye alikuwa bado na pa kwenda. Akavifunga vipande kwenye kitambaa, akaviweka chini ya godoro, akaendelea kuchekecha.

Safari hii alifanya kazi kwa mikono ya mtu mwingine. Aliuloweka udongo, akautandaza kwa vidole bila kuukandamiza, na kila mkono ulipotaka kupiga pa, aliurudisha. Akaufunika kwa mchanga. Maji aliyamimina juu ya sahani, polepole, tope lisipande. Mimea mipya aliichomeka kwa kibano cha nyusi cha mkwe wake. Kisha akakaa mbele ya kioo, roho mkononi, asubuhi mpaka jioni, akijiambia kwamba ikifa atakuwa hana haja ya kuuliza chochote.

Haikufa. Maji yalikuwa na ukungu, yakatakata. Jani moja lilitoa kichipukizi, kisha mashina yote yakaamka kwa pamoja, na kwenye kioo mizizi myeupe ilionekana ikishuka ndani ya ule udongo mweusi, ikipenya bila kipingamizi. Ilifika siku majani yakagusa juu ya maji, na mchana taa ikiwaka yalijaa viputo vidogo vinavyometameta. Muuza samaki alikuja akapiga makofi. Mkwe alipiga picha, akaziangalia, kisha akaingia chumbani akakawia kutoka. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Jioni hiyo mwana alirudi kazini, akasimama mbele ya tangi akiwa bado na mkoba begani.

"Aisee, baba," alisema. "Imeshika."

"Imeshika," mzee alisema. "Mlibomoa lini?"

Mwana hakuuliza kubomoa nini. Aliteremsha mkoba, akaketi ukingoni mwa kiti. Alianza kueleza habari za vyumba vya kupangisha, vya ghorofa, na chumba cha chini ambacho siku moja kingekuwa cha mzee, na mzee alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Nimekuuliza lini."

"Wiki ile uliyolazwa."

Mzee alirudi nyuma kichwani, taratibu, hospitali, mkanda wa gari, Jumapili zote zile, mpaka akafika siku ya vikombe vya chai. "Kwa hiyo uliponiahidi, hapakuwa na nyumba."

"Ungeng'ang'ania kurudi, baba. Ungeanguka tena, ufe peke yako bafuni, na mimi ningeishije?" Mwana alikuwa analia, bila kupandisha sauti. "Nilifikiri utajaribu, itakufa, utachoka, utakubali mwenyewe kukaa na sisi. Sikudhani utaweza."

Mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni. Shindilia aliinuka, akatembea mpaka kwenye mlango wa nondo, akashika vyuma viwili kwa mikono yake iliyokuwa bado na udongo kwenye kucha, akageuka.

"Nimeweza," alisema. "Nirudishe kwangu."