Bei ya Ram kwa Mama Rosina

Hakuna fundi aliyewahi kufungua kompyuta ya Rosina huku mwenyewe amekaa mbali. Akisikia bisibisi inazunguka, humwacha mteja wa steshenari yake katikati ya kurasa, huvuta kiti, hujifunga kitenge mabegani kwa ajili ya upepo wa Julai, kisha humkodolea macho fundi hadi skrubu ya mwisho irudi mahali pake.

Ukodoaji huo alikulia nao kijijini Msanzi. Baba yake alilima mahindi, na kila mwaka wanunuzi walikuja na magunia ya lumbesa, yaliyoshindiliwa na kuongezwa kilemba juu, wakahesabu kila moja kuwa gunia moja. Baba akilalamika, waliinua mabega na kusema bei imeshuka huko duniani. Dunia hiyo hakuna mtu wa Msanzi aliyewahi kuiona. Baba aliuza. Rosina, msichana mdogo wakati huo, alibaki akijiuliza kwa nini dunia haikukosea hata mara moja kwa faida ya baba yake.

Baadaye alijifunza taipu, akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika mmoja mjini Sumbawanga. Ushirika ule ukafilisika, na hakuna mwanachama aliyepewa maelezo ya kueleweka. Rosina alitoka pale na vidole vyake kumi, akapanga fremu ya duka, akaanzisha steshenari. Humo aliwalea wanawe, akachapa risala za harusi, mikataba ya viwanja na barua za kazi za nusu ya vijana wa mtaa. Miaka ya karibuni, kazi iliyobaki yenye pesa ya maana ni moja tu: wanafunzi kuomba vyuo kwa mtandao. Dirisha la maombi likifunguliwa, hujaa mpaka nje. Akivuna hapo, kodi ya fremu ya mwaka inapatikana. Asipovuna, mwenye nyumba ameshasema yupo mtu wa vipodozi anaitaka.

Ndiyo maana kompyuta ilipogoma kuwaka, wiki moja kabla ya dirisha kufunguliwa, hakungoja hata kesho. Alimwita Sadoki, kijana wa Mbeya aliyekuwa akimtengenezea vitu vyake kwa miaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fungua nione."

Sadoki alifungua, akachungulia, akachomoa kibao chembamba chenye meno ya dhahabu upande mmoja. "Ule umeme uliokatika na kurudi juzi umeondoka na ram, mama. Hapa ndipo kompyuta inaposhikia kazi inayoifanya. Bila hii haiwaki."

"Imekufa, au umeiua?"

"Mama Rosina! Si ndo kwanza nimefungua?"

"Nauliza tu. Mpya bei gani?"

Sadoki akataja. Rosina akacheka, kicheko kile kisicho na furaha ndani yake.

"Mwaka juzi niliuza gunia moja la mahindi ya shambani kwangu nikanunua ram kama hiyo, nikarudi na sukari. Leo unataka magunia matatu? Imezaa?"

"Si mimi, mama. Ni akili mnemba." Sadoki aliweka bisibisi chini. "Makampuni makubwa huko nje yanajenga majumba yaliyojaa kompyuta za kuendeshea hiyo akili mnemba, na zile zinakula memori hazishibi. Viwanda vya kutengeneza ram ni vichache sana duniani. Vimeona kule ndiko kwenye hela ndefu, vimegeuza mitambo viwatengenezee wao. Hizi za watu kama sisi zimebaki kidogo, ndo tunazigombania."

"Akili mnemba ndiyo hii wanafunzi wanaiandikisha barua kwenye simu?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Kwa hiyo ilinichukulia wateja wa barua, sasa imerudia ram."

Binti mmoja aliyekuwa akisubiri kutoa kopi aliangua kicheko. Rosina hakucheka. Sikio lake lilikuwa limenasa neno moja tu, duniani, na neno hilo alilifahamu vizuri.

Mchana alikwenda stendi kwa fundi mwingine, Theodory. Huyu na Sadoki hawasalimiani, kila mtu mjini anajua. Theodory akataja bei ileile. Mtu mwingine angetulia. Rosina ndiyo kwanza akashtuka: watu wasiosalimiana wanatajaje bei moja bila kukaa kikao? Akapiga simu duka la Mbeya. Bei ikawa ileile, pungufu kwa nauli ya basi tu. Basi na wa Mbeya yumo, akawaza.

Nani angemlaumu? Mtu aliyepunjwa maisha yake yote kwa kisingizio cha dunia hawezi kuitambua siku ambayo kisingizio ni kweli. Na siku hiyo ilikuwa kweli. Watu ambao hawajawahi kusikia jina la Sumbawanga walikuwa wamekaa mezani wakaamua memori ya dunia iende wapi, na uamuzi wao ulifika hadi kwenye fremu ya mama mmoja asiyeulizwa chochote.

Aliuza mahindi, akampa Sadoki hela aagize. Ram ikaja na basi la Mbeya, na aliipokea mwenyewe, hakumtuma mtu. Kabla ya kumpa Sadoki, alifanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa mtaani kwake angefanya. Sufuria zake, zinazoazimwa kila msiba na kila harusi, zina tone la rangi ya kucha nyekundu chini ya kitako, na hakuna hata moja iliyowahi kupotelea kwa watu. Alichukua kichupa kilekile. Akaigeuza ram huku na huku akitafuta pa kuweka alama. Kwenye plastiki mwizi angekwangua. Akachagua meno yale ya dhahabu, maana hapo, aliwaza, hakuna atakayethubutu kugusa. Akapaka, tena kwa ukarimu.

Sadoki alikuja dirisha likiwa limebakiza siku moja kufunguliwa. Wanafunzi walishaanza kuulizia. Alichukua ram bila kuitazama sana, akaichomeka huku akipiga soga na wanafunzi, Rosina akiwa amegeuka kidogo kupokea simu, akabonyeza. Kompyuta ikalia, pii, pii, ikanyamaza. Akajaribu tena. Pii, pii.

"Mbona haiisomi?" akanong'ona.

Rosina alikuwa ameshasimama. "Haiisomi kwa sababu si yangu! Umeibadilisha hapahapa, mimi nikipokea simu! Ninyi vijana mmekuja mjini kwetu kutufanya wajinga?"

"Mama, taratibu."

"Chomoa! Yangu ina alama!"

Sadoki akachomoa. Alama ilikuwepo, nyekundu, imetandaa kwenye meno kama damu ya fizi. Wanafunzi wakasogea kuona. Mmoja akasema, "Dah, mama kaipeleka saluni," na chumba kizima kikalipuka.

Sadoki hakucheka. Aliiweka ram mezani polepole, akafunga begi lake. "Umeniita mwizi mbele za watu, mama. Tafuta fundi unayemwamini." Akatoka. Rosina akaichukua ram mezani.

Akaipeleka kwa Theodory. Huyo hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Hiyo imeungua, mama. Ninayo nyingine hapa, bei unaijua." Akavuta droo.

"Umejuaje imeungua, na hujaishika?"

"Uzoefu."

"Uzoefu wa nini, wa kuvuta droo?" Rosina akaondoka. Njiani hasira ilimpungua, akabaki na jambo moja lisilopendeza: Sadoki angeweza kumwambia hivyohivyo, imeungua, nunua nyingine, naye asingekuwa na la kujibu. Hakumwambia.

Alimkuta Sadoki kibandani kwake jioni ile. Nyuma yake, rafu zilijaa kompyuta zenye vumbi.

"Za watu hizo?" Rosina akauliza, maana salamu ilikuwa ngumu.

"Za watu. Wakisikia bei wananiita mwizi, wanaziacha. Wewe ulitofautiana nao kwa sauti tu."

"Nimekosa, mwanangu. Nilikuvunjia heshima mbele za watu. Kesho dirisha linafunguliwa. Nisipofungua, fremu inakwenda."

Sadoki akanyoosha mkono apewe ram. "Una ile dawa ya kutolea rangi?"

Alikuwa nayo kwenye pochi. Sadoki alisugua meno ya ram kwa pamba, jino moja baada ya jingine, kisha akayapitishia kifutio cha penseli. "Rangi yako ndiyo iliyoziba umeme usipite kwenye meno. Sasa itawaka. Ila nina sharti. Wewe ni mpiga chapa. Nichapie tangazo nibandike hapa, watu waone bei inavyotoka. Risiti ya Mbeya, nauli ya basi, ufundi wangu. Kila kitu."

"Risiti nitaziona mwenyewe?"

"Utaziona, mama."

Kompyuta iliwaka usiku ule bila kulia. Kazi ya kwanza iliyofanya ilikuwa tangazo la Sadoki. Rosina alichapa mistari mitatu, akikagua kila risiti kwenye mwanga. Risiti zilikuwa sawa, hadi senti. Akasita, vidole hewani, kisha akaongeza mstari wa nne ambao hakuna aliyemtuma.

*Bei kiwandani kabla ya kufika Mbeya: hatujaambiwa.*

Sadoki aliusoma mara mbili. "Mama, huu si utawafanya watu waanze kuuliza maswali?"

"Waulize."

"Kwa nani sasa? Mimi nitajibu nini?"

"Utasema hujui. Kisha na wewe uwaulize wanaokuuzia, mkiwa wengi." Akabonyeza kuchapa, karatasi ikatoka ikiwa na joto. "Na ukitaka nikuwekee leminesheni isinyeshewe, hiyo utalipa. Bei imebandikwa pale ukutani."